Mawe Huja Baadaye

Nilisema uongo Alexandria. Sikumwambia polisi wala ofisa wa uhamiaji. Nilimwambia binti mmoja wa Kimisri aliyeniuliza swali la kawaida kabisa, na uongo wenyewe ulikuwa na maneno mawili tu.

Tulikuwa Kom el-Dikka, katikati ya jiji, ndani ya ukumbi wa maonyesho wa zama za Warumi. Nilikuwa nimekwenda kwa warsha ya wanafunzi ya siku sita, na jioni ya tatu wenyeji wetu wakatupeleka kutazama magofu. Ukumbi huo ulifichwa na kilima cha kifusi hadi mwaka 1960, kilipoanza kuondolewa ili kupisha ujenzi. Wanaakiolojia wa Poland wakaingia na kuchimba, na leo ziko wazi safu 13 za viti vya marumaru, zimepinda kama kwato ya farasi. Nilikaa safu ya nne. Jiwe lilikuwa bado na joto la mchana. Mwongozaji akatuonyesha mikwaruzo kwenye viti: mashabiki wa mbio za magari ya farasi, timu ya Kijani na timu ya Buluu, waliandika majina ya vipenzi vyao humo zaidi ya miaka 1,300 iliyopita, kama kijana wa Kirumba anavyochora jina la klabu yake nyuma ya kiti cha daladala. Nilicheka peke yangu. Nikakumbuka pia kwamba maji ya Alexandria ni maji ya Nile, na Nile inatoka kwenye ziwa letu pale Jinja. Nilikuwa nimepanda ndege kuyafuata maji yaliyonitangulia.

Ndipo mwenzangu akaniuliza: "Na ninyi kwenu, mna ukumbi wa kale wa maonyesho?"

Mimi, mzaliwa wa Mwanza, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika sanaa za maonyesho, mjukuu wa mtu aliyewahi kuwageuza mamia ya watu kwa wimbo mmoja, nikamjibu: "Kwetu hakuna."

Makala hii ni masahihisho ya jibu hilo. Nimeiandika kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo inanihusu mwenyewe.

*

Uongo ule sikuutunga. Nilifundishwa. Katika semina ya kwanza ya programu yetu, mhadhiri aliweka ukutani slaidi ya ukumbi wa Epidauros, ule wa Ugiriki unaobeba zaidi ya watu 12,000, mzuri kiasi kwamba darasa zima lilinyamaza. Akasema historia ya tamthilia inaanzia hapo. Sisi tulikuwa na mila, matambiko na ngoma. Tamthilia ilikuja na shule. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nilinakili sentensi hiyo, nikaipigia mstari, na kwenye mtihani nikairudisha kwa lugha ya kupendeza. Nilipata alama nzuri.

Simlaumu mtu mmoja. Sentensi ile ina umri kuliko yeye, na utaikuta katika vitini vingi. Imesimama kwa miguu miwili. Mguu wa kwanza ni jengo: wenzetu walijenga, magofu yapo, sisi tuonyeshe yetu. Mguu wa pili ni maandishi: wenzetu waliandika, vitabu vipo, sisi tuonyeshe vyetu. Nataka kuipiga miguu yote miwili, na nitaanza na jengo kwa sababu ndilo linalotufunga midomo haraka zaidi.

Hebu tuwaulize Wagiriki wenyewe. Neno lao theatron maana yake ni mahali pa kutazamia. Neno lao orchestra, ambalo wazazi wetu walilijua kwenye mabango ya bendi za dansi, Orchestra Maquis na Orchestra Makassy, maana yake ya kwanza ni mahali pa kuchezea ngoma. Tafadhali lisome tena. Kitovu cha ukumbi wa Kigiriki, ile duara iliyo chini kabisa ambayo viti vyote vinaielekea, ni uwanja wa ngoma. Katika sikukuu ya Dionysus mjini Athens, kila moja ya koo 10 za mji ilileta kundi la wanaume 50 na kundi la wavulana 50 waimbe na kucheza kwa duara, wakishindana. Aristotle, ambaye hakuna anayeweza kumshuku kwa uzalendo wa Kiafrika, aliandika kwamba tanzia ilitokana na waongozaji wa nyimbo hizo za duara. Yaani ilitokana na manju. Alitoka mtu mmoja mbele ya kundi, akaimba, kundi likamjibu.

Na mawe je? Hapa ndipo slaidi ilipotuficha jambo. Aeschylus alipowaonyesha Waathene Waajemi mwaka 472 KK, na Sophocles alipowaletea Edipode, watazamaji walikaa mtelemkoni chini ya Akropoli, kwenye udongo na mabenchi ya mbao. Sophocles na Euripides walifariki mnamo mwaka 406 KK. Ukumbi wa mawe wa Athens ulikamilishwa wakati wa mwanasiasa Lycurgus, katika miaka ya 330 na 320 KK, zaidi ya miaka 70 baadaye. Epidauros nao ni wa karne hiyohiyo ya nne. Roma ilikuwa hivyohivyo. Plautus na Terence walichekesha watu kwenye majukwaa ya mbao yaliyosimamishwa kwa sikukuu na kubomolewa baada yake. Katikati ya karne ya pili KK, Seneti iliamuru ukumbi wa mawe uliokuwa ukijengwa ubomolewe, kwa kuogopa kwamba utaharibu maadili. Ukumbi wa kwanza wa kudumu wa mawe mjini Roma ulifunguliwa na Pompey mwaka 55 KK, wakati watunzi hao wawili walikuwa makaburini kwa zaidi ya miaka 100.

Kwa hiyo anayetuonyesha mawe na kusema "hii ndiyo tamthilia" anatuonyesha mnara uliojengwa juu ya kaburi lake. Kilichokuwa hai kilifanyika juu ya udongo. Mawe huja baadaye, mara nyingi wakati watu wanaanza kuogopa kusahau.

*

Halafu hoja ya mawe ipelekwe kwingine, si Mwanza. Wapo watu duniani wanaoweza kusingizia uhaba wa mawe. Sisi jiji letu limejengwa juu yake, kati yake na chini yake. Mwamba wa Bismarck umesimama ziwani kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Igogo na Mabatini nyumba zimeng'ang'ania majabali hadi mgeni anaogopa kupiga chafya. Kama mawe ndiyo yangezaa tamthilia, Sophocles angezaliwa Igogo.

Wasukuma waliyaona mawe hayo yote, na hawakujenga ukumbi. Sababu yake haikuwa kushindwa. Aina ya maonyesho waliyoyapenda ilihitaji kitu ambacho jiwe linakinyima: mtazamaji awe huru kuondoka.

Nieleze kwa wasioijua. Katikati ya karne ya 19, wataalamu wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha, walishindana kujua nani mwenye mvuto zaidi. Kutoka kwao zikazaliwa jamii mbili kubwa za ngoma, Wagika na Wagalu, na Usukuma wote ukagawanyika kama nchi inavyogawanyika leo siku ya Simba na Yanga. Baada ya mavuno, mwezi wa sita hadi wa nane, makundi mawili yanakutana kwenye uwanja mmoja. Hawapokezani jukwaa. Wanacheza kwa wakati mmoja, huku na kule, na watu wako katikati. Unayemtazama ni yule unayemtaka. Akikuchosha, unageuka na kutembea hatua 30 kwenda kwa mpinzani wake. Mshindi ni aliyekusanya umati mkubwa zaidi. Hakuna mtu wa kuita majina kwenye maiki wala bahasha ya matokeo. Miguu ya watazamaji ndiyo majaji.

Fikiria ushindani huo unazaa nini. Unazaa wacheza nyoka wanaojizungushia chatu shingoni. Unazaa ngoma ya wawindaji wa nungunungu. Unazaa Bugobogobo, ambapo jembe la shambani linarushwa hewani na kudakwa kwa mdundo mmoja na watu 20. Unazaa sanamu za mbao zenye viungo vinavyochezeshwa, zinazoibuliwa ghafla pale umati unapoanza kupungua. Na juu ya yote unazaa ningi, mtunzi na mwongozaji wa nyimbo, ambaye anatakiwa kuwa na maneno mapya kila msimu na, siku ikiwa mbaya, kila dakika. Katika wimbo wake mmoja kuna sifa, matusi kwa mpinzani, habari za bei ya pamba na siri za mtemi. Athens walikuwa na majaji 10 waliopatikana kwa kura. Hata hivyo Plato, katika kitabu chake cha Sheria, alilalamika kwamba umati umejitwalia uamuzi na kwamba mji unatawaliwa na watazamaji. Kilichomkera Plato, kwetu kilikuwa kanuni ya mchezo.

Guku, babu yangu mzaa baba, alikuwa ningi wa Wagalu huko Kwimba. Alinisimulia siku moja ambayo Wagika walileta chatu mkubwa ambaye hajawahi kuonekana. Watu wote waliondoka kwake. Alibaki na wachezaji wake, mbwa mmoja na mama mmoja mwenye mtoto aliyelala.

"Ulifanyaje, guku?"

"Sikupandisha sauti," akasema. "Ukiachwa, mjukuu wangu, usipige kelele. Nikaanza wimbo wa polepole. Wimbo wa mtu aliyekwenda kutazama nyoka, huku ndege wanamlia mtama wote, na mke wake anahesabu masuke yaliyobaki. Nikataja jina la mtu mmoja aliyekuwa kule, kila mtu akimjua kwa uvivu. Akasikia jina lake. Akageuka. Waliokuwa karibu naye wakacheka, wakageuka nao."

"Wakarudi wote?"

"Hata yule mwenye nyoka alitaka kusikia mwisho wa wimbo."

Niambie sasa hiki ni nini kama si tamthilia. Kuna mhusika, kuna mgogoro, kuna kejeli, kuna mtazamaji anayejiona mwenyewe mbele ya watu na kugeuka. Edipode naye alikuwa mtu aliyesikia jina lake katika hadithi aliyodhani ni ya mtu mwingine.

*

Mguu wa pili: maandishi. Hapa mpinzani wangu anaonekana kuwa na nguvu. Atasema: sawa, walicheza kwenye udongo kama ninyi, lakini wao waliandika, ndiyo maana tunawasoma.

Ni kweli. Lakini tuangalie hesabu. Sophocles alitunga tamthilia zaidi ya 120. Zilizobaki zikiwa kamili ni saba. Kwa maana hiyo hata Wagiriki, kwa sehemu kubwa, ni watu wa "kwetu hakuna". Na hizo saba hazikujiokoa zenyewe kwa kuwa zilikuwa bora. Ziliokolewa na watu waliokaa chini kuzinakili, kizazi baada ya kizazi, hasa walimu waliozihitaji darasani. Lycurgus yuleyule aliyekamilisha ukumbi wa mawe ndiye aliyeamuru nakala rasmi za watunzi watatu wakubwa zihifadhiwe, kwa sababu waigizaji walikuwa wakibadilisha maneno. Galen, tabibu wa zama za Warumi, anasimulia kwamba mfalme Ptolemy wa Tatu aliziazima nakala hizo kwa ajili ya maktaba ya Alexandria, akaweka dhamana ya talanta 15 za fedha, kisha akabaki na nakala halisi na kuwarudishia Waathene nakala mpya. Dhamana akaiacha ipotee. Alihesabu kwamba maneno ya watu waliokwisha kufa ni ghali kuliko fedha hiyo.

Na ule ukumbi wa Kom el-Dikka nilimokaa? Katika karne zake za mwisho ulikuwa sehemu ya kitu kama chuo kikuu. Pembeni yake wachimbaji wamekuta zaidi ya vyumba 20 vya mihadhara, vyenye mabenchi ya mawe ukutani na kiti cha mwalimu mbele. Nilikuwa nimekaa darasani bila kujua.

Kwa hiyo swali la maandishi halielekezwi kwa ningi. Linaelekezwa kwa chuo. Kazi ya ningi ni kutunga. Kazi yetu sisi wenye daftari ni kunakili. Chuo kinaposema "hawana maandishi", kinajiandikia taarifa ya utoro wake chenyewe.

Ukitaka ushahidi, mwaka 2010 shirika la Brill la Leiden lilichapisha kitabu cha Mmarekani Frank Gunderson chenye nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300, pamoja na tafsiri na maelezo ya watunzi wake. Alikuja, akakaa, akasikiliza, akaandika. Namshukuru kwa dhati. Lakini ona ilipotufikisha: mjukuu wa ningi akitaka kusoma manju wa Usukuma, njia fupi zaidi inapitia Uholanzi, kwa Kiingereza, kwa bei ambayo posho ya mwanafunzi haiifikii.

Na mimi sina pa kujificha. Guku alifariki nikiwa muhula wa kwanza, wiki ya mitihani. Nilikuwa nakariri sehemu za ukumbi wa Kigiriki. Nyimbo alizozijua baba anasema zilikuwa zaidi ya 40. Ninayo rekodi moja ya simu, dakika 11, jogoo anawika katikati, na mahali fulani nasikika mimi mwenyewe nikimkatiza kumuuliza kama chai imeiva. Hiyo ndiyo maktaba yangu ya Alexandria. Iliungua nikiwa nasoma kuhusu maktaba nyingine.

*

Wapo watakaokuwa wamenipigia makofi hadi hapa, na sasa naomba niwakosee. Nawazungumzia ndugu zangu wazalendo, wale ambao kila wanaposikia neno "utamaduni" wanaagiza vitenge vya sare. Ninyi mmeiumiza ngoma kuliko slaidi ya Epidauros.

Warumi walipochukua ukumbi wa Kigiriki, walifanya badiliko moja ambalo kwenye ramani linaonekana dogo. Duara ya orchestra wakaikata iwe nusu duara, na pale palipokuwa pa kuchezea wakaweka viti vya maseneta. Vitruvius, msanifu majengo wao, analieleza jambo hilo kwa utulivu kabisa, kama suala la vipimo. Athens nako wakubwa walikuwa na viti vya mbele, kuhani wa Dionysus alikuwa na kiti chake. Lakini kiti kilikaa ukingoni na uwanja ukabaki wa wachezaji. Roma ikaingiza kiti uwanjani. Wachezaji wakahamia jukwaani, juu, mbele, wakiwatazama wakubwa.

Sasa nenda kwenye sherehe yoyote ya uzinduzi katika ukanda wetu. Turubai. Viti vya plastiki vilivyovikwa vitambaa vyeupe. Meza kuu yenye maua ya bandia na chupa za maji, imewekwa mahali pazuri kuliko pote, pale hasa ambapo uwanja ungekuwa. Mbele yake kipande cha nyasi cha hatua 10. MC anasema, "Tuna dakika tano za burudani ya asili kabla ya risala." Kundi la Bugobogobo linaingia kwa mstari, si kwa duara, kwa sababu hairuhusiwi kumpa mgeni rasmi mgongo. Wimbo umebadilishwa uwe na jina lake. Hakuna kundi la pili la kushindana nalo, kwa hiyo hakuna anayeweza kushindwa. Mgeni rasmi ananyanyuka, anatikisa mabega mara tatu, anabandika noti kwenye paji la uso la mpiga ngoma, simu zinapiga picha. Umati umekaa nyuma ya kamba. Miguu yao haina kura tena.

Nililiona hilo kwa macho yangu miaka miwili iliyopita, na mmoja wa wachezaji alikuwa mzee aliyewahi kucheza na guku. Nilimfuata nyuma ya turubai alipokuwa akifuta vumbi. "Shikamoo, guku." "Marahaba, mjukuu." Nikamwambia wamecheza vizuri. Akanitazama kama mtu anayepima kama nastahili jibu. "Tumecheza vizuri kumshinda nani?" akauliza.

Sijawahi kusikia uhakiki wa sanaa za maonyesho ulio mfupi kuliko huo. Tumeuondoa ushindani, tumemwondolea mtazamaji uhuru wa kugeuka, tumeondoa matusi na habari na siri za mtemi, tukabakiza majembe yanayorushwa. Halafu tunaliita tulichobakiza "utamaduni wetu". Mhadhiri wangu alisema ngoma haikuwa tamthilia. Meza kuu inahakikisha kwamba haitakuwa tena.

*

Mtu asinielewe vibaya: sitaki Wagiriki wafukuzwe darasani. Samuel Mushi alimtafsiri Sophocles kwa Kiswahili, Mfalme Edipode, mwaka 1971. Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, upande huu huu wa ziwa, aliichukua Roma ya Shakespeare na kutupatia Juliasi Kaizari. Na Kaizari halisi, wanahistoria wanatuambia, aliuawa katika ukumbi wa mikutano uliokuwa sehemu ya majengo ya ule ukumbi wa maonyesho wa Pompey. Nayapenda mambo hayo. Ninachokataa ni mpangilio: wao wawe mlango na sisi tuwe kiambatisho.

Wala hoja hii sikuianzisha. Ebrahim Hussein na Penina Muhando waliibeba tangu kizazi chao. Ukisoma Lina Ubani unamkuta mtambaji wa ngano amekaa katikati ya tamthilia kama mwenye nyumba. Waliishinda vita hiyo katika uandishi. Katika mtaala wa historia bado tunaipoteza, kila mwaka, katika semina ya kwanza.

Basi ninachokitaka ni vitu vinavyowezekana. Somo la historia ya tamthilia katika vyuo vya nchi hii lianzie uwanjani, kwa ushindani wa Wagika na Wagalu na ndugu zao wa kila kabila, kisha lipande kwenda Athens, na mwanafunzi atamwelewa Aeschylus haraka zaidi kwa njia hiyo. Kila mwanafunzi wa sanaa za maonyesho asihitimu kabla hajanakili, kwa lugha yenyewe na kwa Kiswahili, nyimbo za manju mmoja aliye hai, na nakala hizo zikae maktabani kwa bei ya bure. Vijiji vinapopimwa viwanja, uwanja wa ngoma uwekwe kwenye ramani kama zinavyowekwa shule na zahanati. Ule wa kwao guku umekatwa viwanja vinne. Kimoja tayari kina msingi wa nyumba. Na wewe unayeandaa sherehe, sogeza meza kuu ukingoni, alika makundi mawili badala ya moja, na ufungue kamba.

*

Niliporudi nilikwenda Bujora, Kisesa, mwendo wa daladala kutoka mjini. Nilikuwa nimewahi kwenda nikiwa shule ya msingi, kwa basi la shule, nikakumbuka tu kwamba nilikula karanga. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, ndiye aliyeianzisha makumbusho ile, na tangu miaka ya 1950 sikukuu ya Ekaristi pale imekuwa Bulabo, yaani maua, ikiwa na mashindano ya ngoma ndani yake. Mtu anaweza kubishana naye kuhusu mengi, kama inavyostahili kubishana na mmisionari yeyote. Lakini alielewa jambo moja ambalo vyuo vyetu havijalielewa: aliyahifadhi mavazi na ngoma ndani ya majengo, na ushindani akauacha nje, kwenye vumbi, mahali pake.

Siku niliyokwenda haikuwa ya sikukuu. Uwanja ulikuwa mtupu. Nikapiga picha na kumtumia mwenzangu wa Alexandria, pamoja na ujumbe: "Uliniuliza swali, nikakujibu vibaya. Tunao. Huu hapa."

Akajibu baada ya saa moja. "Naona nyasi na mbuzi wawili. Ukumbi uko wapi?"

Nikamwandikia: "Njoo baada ya mavuno."